Nyigu wa Akiba

Jumapili, 3 Machi

Kiroboto wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili mbele ya baba yako, na mara ya tatu mbele ya wateja. Usinilaumu. Wewe unapenda simu, lakini simu mimi hainifai. Mtu anapiga, anaongea, anakata, na hakuna kinachobaki cha kumwonyesha jirani. Barua naibandika ukutani juu ya cherehani, kati ya kioo na kalenda, na anayekuja kupimwa anasimama pale pale akisoma huku namzungushia futi kiunoni. Wengine wamekuja kupimwa mara mbili.

Mama Mikate wa ng'ambo ya barabara naye kaja kusoma. Akasema, "Kumbe mwanao anafanya kazi kwa nyigu." Nikamwambia, "Mwanangu hafanyi kazi kwa nyigu. Nyigu ndio wanaofanya kazi kwa mwanangu." Akaanza habari za mwanawe anayeendesha winchi. Nikamwacha aseme, na yeye ni mzazi.

Sasa kuhusu kazi uliyoniachia. Chupa zote nimezipanga kwenye rafu ya vitambaa, upande usiopigwa na jua. Midomo yake nimeifunika kwa mabaki ya neti ya shela na kuifunga kwa lastiki ya sketi. Viwavi wako wanaishi chini ya shela la bibi harusi, wewe mwenyewe hujafika huko. Kila asubuhi nawakatia majani mabichi ya ule ua wa miti wa nyuma ya duka, kama ulivyonionyesha. Wanakula kama wamelipiwa. Kuna mmoja mnene, baba yako kampa jina Meneja, kwa sababu anakula tu na hakuna anachofanya.

Ila nielezee tena, polepole, kama unavyomweleza mtu aliyetoka shule mapema kwenda kujifunza mshono. Unachotaka ni nyigu. Mbona nafuga viwavi?

Mama yako


Jumanne, 12 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na ya baba mpelekee.

Chumba ninachofanyia kazi hakina dirisha. Kina makabati ya chuma mpaka darini, kila kabati lina droo, na kila droo ina wadudu waliochomwa pini, wamepangwa kama vifungo kwenye zile kadi zako. Kinanukia kama sanduku la nguo zilizowekwa miaka mingi. Nakipenda sana.

Kwenye droo mojawapo wako nyigu wawili wa zamani, walionaswa kabla sijazaliwa. Mkuu wetu wa idara aliwaweka pamoja na nyigu wa usiku wa kawaida. Yule unamjua: mwembamba, rangi ya chai ya maziwa, miguu mirefu, tumbo limebanwa ubavuni kama limepigwa pasi, anazungukazunguka taa. Mbali na macho yake mawili makubwa, ana mengine matatu madogo utosini, ya kumsaidia gizani. Wale wawili wanafanana naye kwa kila kitu. Lakini ukilitazama bawa la mbele kwa hadubini, utaona sehemu angavu kama kidirisha, na ndani yake vidoa vidogo vigumu. Nyigu wa kawaida ana vidoa viwili. Wale wa droo wana kimoja tu, kimepinda kama ukucha uliokatwa.

Mkuu anasema hiyo ni tofauti ya mtu na mtu, kama huyu kuwa na mwanya na ndugu yake hana. Mimi nasema ni aina nyingine kabisa, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipa jina. Nimekwisha kuandika makala. Mkuu ni mtu wa haki, ameniambia hivi: "Wawili hawatoshi. Niletee wapya, waliotoka kwenye viwavi wa aina moja, mmea mmoja, mahali pamoja. Wote wakiwa na kidoa kimoja, nitaitia sahihi makala yako. Wakichanganyika, uiache." Nimekubali.

Na hapo ndipo viwavi wanapoingia. Nyigu huyu hajengi kiota. Jike anamtafuta kiwavi usiku, anamchoma na kutaga yai ndani yake. Kiwavi anaendelea kula majani yako, hajui kitu, kumbe anamlisha mgeni. Siku ya kutoka, badala ya nondo, anatoka nyigu. Yule niliyemtazama kwa lenzi ya mkononi kwenye taa ya duka lako nilipokuja likizo alikuwa na kidoa kimoja, kwa hiyo najua wanaishi hapo kwenu.

Kila atakayetoka, mtie kwenye kichupa chake chenye spiriti, na kikadi cha penseli: wapi, lini, ametoka kwenye kiwavi wa mmea gani. Hata wanne watanitosha, Mama. Hata watatu.

Na si lazima uwasomee wateja kila kitu.

Mwanao


Jumapili, 21 Aprili

Kiroboto wangu,

Wametoka.

Nianze na wa kwanza, ili nawe uone. Meneja aliacha kula. Akasinyaa. Nikadhani nimemuua, nikayalaumu majani, nikamlaumu baba yako na sigara zake. Halafu mahali pake nikakuta kitu kama punje ya kahawa, cha hudhurungi, kigumu, kina mkanda mweupe katikati. Nikakiacha. Asubuhi moja nafungua duka, namkuta amekaa chini ya neti, anapangusa papasi zake, zile nywele ndefu za kichwani, kwa miguu ya mbele, moja, kisha ya pili, kama mwanamke anayejiandaa kwenda mahali.

Mwanangu, nimeshona magauni mengi, ya maharusi na ya wake za wakubwa. Kiuno kile sijapata kukiona. Mabawa yake ni kitambaa ambacho hakijafika madukani. Na zile shanga tatu utosini, nyeusi, zinang'aa, kama zimeshonewa na mtu mwenye subira kuliko mimi. Nilisimama na ufunguo mkononi mpaka mteja akaniuliza kama duka limefungwa.

Nikamwita Mama Mikate. Akatazama, akasema, "Si huyu huyu anayejaa kwenye taa yangu kila nikianza kukanda unga?" Nikamwambia, "Wako ni wa mtaani. Wangu ni wa utafiti." Akacheka, lakini nilimwona akiinama kumtazama tena.

Sanduku linaondoka Jumatano kwa posta. Kila kichupa kina kikadi kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa kuandikia risiti za wakubwa. Ulisema hata wanne watakutosha. Ni nani aliyewahi kutoka dukani kwangu na kile kilichomtosha tu? Fungua sanduku, utakumbuka umezaliwa na nani.

Mama yako


Jumatatu, 6 Mei

Mama yangu,

Tafadhali barua hii usiisome dukani.

Sanduku limefika bila hata kichupa kimoja kuvuja. Kila nyigu ni mzima, papasi zote, miguu yote. Wenzangu wamekuja mezani kutazama vikadi vyako, na mmoja aliuliza kama ulichapisha. Wako watafiti wa miaka mingi wanaotuletea vitu vilivyovunjika kwenye mifuko ya plastiki. Nilijivuna, nikasema ni mama yangu. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Nilikaa nao kwenye hadubini. Wa kwanza alikuwa na kidoa kimoja, kimepinda. Wa pili kimoja. Nikaanza kuimba peke yangu. Wa tatu alikuwa na viwili.

Nikadhani nimechoka. Nikanawa uso, nikarudi. Viwili. Nikaendelea mpaka mwisho wa sanduku: wengine kimoja, wengine viwili, na wenye viwili ni wengi zaidi. Na vikadi vyote vinasema jambo moja, kwamba wametoka kwenye kiwavi wa ua wa nyuma ya duka. Viwavi wa aina moja, mmea mmoja, mahali pamoja, na wamechanganyika. Kwa maana hiyo ni aina moja ya nyigu, na vidoa ni kama mwanya tu. Mkuu alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Hakunicheka. Aliangalia bawa moja moja, akanipigapiga begani, akasema, "Umefanya kazi safi. Jibu ndilo hili." Ingekuwa afadhali angenicheka.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi tuna kikao cha idara. Nitasimama niseme nilikosea, nitaiondoa makala, na wale wawili wa zamani nitawarudisha kwenye droo yao. Nilikuwa nimewazoea, Mama. Kila nikifika asubuhi nilikuwa nawaangalia kwanza.

Usihuzunike. Umeniletea ukweli, na hiyo ndiyo kazi.

Mwanao


Jumapili, 12 Mei

Kiroboto wangu,

Ulisema nisiisome dukani. Nimeisoma. Walikuwa wameshaiona bahasha, ningefanyaje? Lakini nilisoma ya kwangu, ya kutunga. Nikaishika mbele ya macho nikawaambia wakubwa wamevua miwani kwa mshangao, na kwamba jina la nyigu litatolewa karibuni, na wasishangae wakilisikia ni la mtu wanayemjua. Wakapiga makofi. Mama Mikate akaniletea mkate wa moto.

Baba yako alikuwa amekaa nyuma yangu, anaisoma barua juu ya bega langu. Walipoondoka akasema, "Mke wangu, sasa nisomee ile aliyoandika mtoto." Nikamsomea. Halafu akauliza, "Anakula lakini?" Hujatuambia kama unakula.

Mimi sielewi mambo ya vidoa. Naelewa kwamba tangu ukiwa mdogo sijakuona ukisema kitu na hicho kitu si kitu. Kula. Lala.

Usifikiri nitamwandikia mtu yeyote. Nina sare za kwaya za kumaliza, nashona tu.

Mama yako


Jumapili, 12 Mei

Kwa Mkuu wa Idara ya Wadudu,

Salamu kwa heshima zote.

Hunijui, lakini umekwisha kuniona. Yule binti wa meza ya mwisho karibu na makabati, mwenye paji pana na mdomo usiokubali upesi, ndiye mimi nikiwa nimesoma. Mimi ni mama yake mzazi, fundi cherehani, na nyigu mlionao kwenye vichupa nimewalea mimi.

Sikuandikii kukufundisha kazi. Nakuandikia ili kabla hajasimama kwenye hicho kikao umjue anayesimama.

Akiwa mtoto alikuwa anakaa chini ya meza yangu ya kukatia, akipanga vifungo. Watoto wengine hupanga kwa rangi. Huyu alikuwa anavigeuza na kuvipanga kwa jinsi matundu yalivyotobolewa. Siku moja akaniletea viwili vyeupe akasema, "Mama, hivi si ndugu." Nikavitazama mpaka macho yakauma, sikuona kitu. Nikavishonea kwenye shati moja, la mteja mkubwa. Shati likafuliwa, kimoja kikageuka manjano. Mteja alinisema mpaka nikatafuta pa kujificha. Tangu siku hiyo huyo mtoto akiniambia vitu viwili si ndugu, sibishani naye. Sasa anasema yeye mwenyewe kwamba ni ndugu, na mimi moyo unakataa.

Jambo la pili, usije ukafikiri nyigu wale walikuja hivi hivi tu. Chupa zangu zilikuwa safi kuliko glasi za watu wengi. Na wala sikumpunja mwanangu. Viwavi wengi walitoa nondo, kwa hiyo nyigu waliotoka chupani walikuwa watano tu, na sanduku lilionekana tupu, aibu tupu. Mimi nguo haitoki dukani kwangu bila kifungo cha akiba kilichoshonewa kwa ndani. Hiyo ndiyo sifa yangu, muulize mtu yeyote mtaani. Basi nikamwekea na nyigu wa akiba. Saba wazima. Niliwachukua kwenye taa ya jirani yangu mwoka mikate, nikawachagua mmoja mmoja kwa urefu na rangi mpaka hata mama yao asingewatofautisha na wa chupani. Nikawaandikia wote kikadi cha aina moja, kama lebo za sare, ili ionekane ni kazi ya fundi mmoja.

Nakueleza haya ujue mwanangu anatoka kwenye nyumba ya namna gani. Sisi kazi hatufanyi nusu. Basi akisimama hiyo Ijumaa, msikilizeni kwa adabu.

Ni mimi,
Mama mzazi


Ijumaa, 17 Mei

Mama mheshimiwa,

Barua yako niliianza nikiwa nimesimama kwenye korido. Nilipofika kwenye kifungo cha akiba nikatafuta kiti.

Nitakueleza kwa ufupi. Binti yako alisema kuna aina mbili za nyigu. Mimi nilisema ni moja. Tulikubaliana kuwa nyigu waliotoka kwenye viwavi wako ndio waamue. Tuliona mchanganyiko kwenye sanduku, tukaamua kwamba amekosea. Lakini kama wengine hawakutoka kwenye viwavi, wametoka kwenye taa, basi tumeamua kesi kwa mashahidi ambao hawakuwepo. Huenda wa chupani wote ni wa aina yake, na wa taa wote ni wa kawaida. Huenda pia sivyo.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuuliza jambo moja tu. Je, una njia yoyote ya kujua vichupa vipi vilikuwa vya wa chupani na vipi vya wa taa? Vichupa vyote viko kwenye sanduku kama ulivyovifunga, kwa kuwa binti yako hatupi kitu. Wewe hujui nani ana kidoa kimoja na nani ana viwili, na ndiyo maana jibu lako lina thamani. Usikisie. Usijaribu kumsaidia. Kama hukumbuki, andika kwamba hukumbuki.

Sijamwambia bado. Sitaki kumpa tumaini la siku mbili kisha nimnyang'anye.

Wale nyigu wawili wa zamani niliwaweka kwenye droo ile mimi, nikiwa na umri kama wake. Ule mfano wako wa vifungo hautoki kichwani.

Mkuu wa Idara


Jumanne, 21 Mei

Kwa Mkuu wa Idara,

Nimesoma barua yako nikazima cherehani.

Sikisii. Wa chupani nilifunga shingo za vichupa kwa uzi mweupe. Nilipofika kwa wale wa taa, uzi mweupe uliobaki ulikuwa wa gauni la bibi harusi na sikutaka upungue. Nikawafunga kwa uzi wa buluu. Mweupe ni wa chupani, buluu ni wa taa, hakuna hata mmoja niliyemchanganya, kwa sababu wa chupani nilikuwa nimewamaliza kabla sijavuka barabara.

Hilo ndilo ninalolijua. Zaidi ya hapo sijui.

Nilitaka asione aibu kufungua sanduku tupu mbele ya wenzake. Kama nimemharibia kazi, usimfiche kwamba ni mimi. Na kama uzi nao utasema amekosea, basi tafadhali mwache aje nyumbani siku chache.

Fundi


Jumamosi, 1 Juni

Mama,

Nilikukasirikia kutoka mlangoni mpaka kwenye makabati, na korido yetu si ndefu. Halafu nikaanza kucheka na sikuweza kuacha. Nyigu wa akiba. Mama.

Nikueleze ilivyokuwa jana. Nilikwenda kikaoni na karatasi yangu ya kusema nimekosea. Kabla sijafungua mdomo, Mkuu akaingia na sanduku lako chini ya kwapa na barua zako mbili mfukoni. Akazisoma, zote, hata pale pa mdomo usiokubali upesi. Wenzangu walinigeukia wakanitazama mdomo.

Kisha akasema, "Tutafanya hivi." Akakaa kwenye hadubini akilipa sanduku mgongo. Mimi nikawa natoa nyigu kutoka kwenye kichupa, nampa bila kusema neno, na mwenzangu mmoja akawa anaandika ubaoni rangi ya uzi, nyuma ya Mkuu, asikoona. Mkuu anatazama bawa, anasema, "Kimoja." Ubaoni: mweupe. "Viwili." Ubaoni: buluu. "Viwili." Buluu. "Kimoja." Mweupe. Tukaendelea hivyo mpaka kichupa cha mwisho. Mama, hakuna hata mmoja aliyekosea rangi yake. Waliotoka kwenye viwavi wako wote wana kidoa kimoja. Wa Mama Mikate wote wana viwili.

Mkuu akageuka, akausoma ubao kutoka juu mpaka chini. Akainuka, akaenda kwenye kabati, akavuta ile droo, akawatoa wale wawili wa zamani na kuniwekea mkononi. Akasema, "Hawa ni wako. Niliwaweka pabaya." Halafu akaitia sahihi makala, hapo hapo, akiwa amesimama.

Na kuna jambo jingine, lakini usilitie chumvi ukutani. Wale wa akiba wamenipa kitu ambacho sikukuomba. Sasa naweza kuonyesha kwamba aina hizi mbili zinaruka mtaa mmoja, msimu mmoja, zimetenganishwa na upana wa barabara, na bado hazichanganyiki. Mkuu anasema hilo peke yake litafunga midomo ya watu wengi. Ila vikadi vyao nimeviandika upya, vinasema kweli: wamechukuliwa kwenye taa ya duka la mikate. Siku nyingine niulize kwanza.

Kuhusu jina. Nimesikia kutoka kwa baba ulichowaahidi wateja. Mama, nyigu sikumpa jina lako. Nimempa jina la kile kidoa kilichopinda, kwa Kilatini, kwa sababu mtu atakayekuja miaka mingi baadaye, asiyenijua wala asiyekujua, jina hilo litamwambia atazame wapi. Najua umeumia kidogo. Soma mpaka mwisho.

Kila aina mpya inachaguliwa mdudu mmoja awe kipimo cha wengine wote. Anawekewa lebo nyekundu, anakaa kwenye kabati lenye kufuli. Yeyote, wa nchi yoyote, atakayetaka kusema amempata nyigu wetu, itabidi amlinganishe na huyo mmoja. Nimemchagua yule aliyetoka kwa Meneja, ndiye mwenye tarehe ya kwanza kati ya wa uzi mweupe. Na chini ya lebo nyekundu kuna lebo nyeupe inayosema ametoka wapi, kwenye ua gani, kwa kiwavi gani, na nani aliyemlea. Hapo pameandikwa jina lako lote, la kwako na la baba yako mzazi. Halitafutwa. Sisi wote tutaondoka na lebo itabaki kwenye pini.

Tarehe ishirini nitaieleza kazi hii mbele ya wageni kutoka vyuo vingine. Sina nguo.

Ninakula.

Kiroboto wako


Jumapili, 9 Juni

Kiroboto wangu,

Hii sikuisoma kwa sauti. Niliibandika tu, nikarudi kwenye cherehani nikajifanya nina kazi.

Walipofika pale pa jina, Mama Mikate akanigeukia. "Kumbe nyigu hakuitwa jina lako." Nikamwambia, "Endelea kusoma." Akaendelea. Alipofika kwenye lebo akasoma mara mbili, midomo ikicheza, halafu akauliza, "Hizo herufi za jina lako ni kubwa kiasi gani?" Nikamwambia ni ndogo mpaka uzitazame kwa hadubini, maana kitu cha thamani hakiandikwi ukutani kwa rangi. Hapo nilikuwa nakisia, kama sivyo usinirekebishe kwa maandishi.

Nilidhani nimemshinda. Kumbe nimemwamsha. Sasa kila anayenunua mkate anaambiwa kwamba duka lake limo kwenye vikadi vya wataalamu, na kwamba nyigu wake wana vidoa viwili, wangu wana kimoja. Jana kanipungia vidole viwili kutoka ng'ambo ya barabara. Nikampungia kimoja, nimekikunja kama ukucha. Baba yako anasema mtaa huu umeharibika.

Nami nimeona barua zangu zimesomwa kwenye kikao cha wasomi. Nimefikiri sana juu ya hilo. Ningejua, ningetumia karatasi nzuri zaidi.

Mwanangu, lile la wa akiba linanirudia ninapokata kitambaa. Nilitaka uonekane tajiri, nikakuongezea mpaka nikakufukarisha. Mkuu wako ni mtu mzima sana kwa kuniuliza vile alivyoniuliza. Nimemshonea shati. Vipimo nimevikisia kutokana na mwandiko wake, ana mabega mapana yule.

Na ndani ya kifurushi hiki kuna gauni lako la tarehe ishirini. Rangi ni ya chai ya maziwa, utajua kwa nini. Kiuno nimekibana kadiri nilivyoweza, lakini yule nyigu bado ananizidi. Mgongoni kuna vifungo vidogo vyeusi, vitatu, juu kabisa, karibu na shingo.

Cha nne kiko ndani, kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, ni cha akiba. Nimekitoa kwenye kopo lile lile la hivyo vitatu. Nimevigeuza vyote nikavitazama matundu kwa miwani ya baba yako. Hata hivyo vitazame na wewe kabla hujavaa, unambie kama ni ndugu.

Mama yako